Kazi ya Ua

Asubuhi hiyo ukungu wa Mlima Slamet uliteremka kabla ya jua. Ukaingia uani, ukapita baina ya migomba na kamba ya kuanikia nguo, hata nyumba ya Biyung Kasmi ikawa kama nyumba iliyochorwa kwa mkaa kisha ikapanguswa kwa kiganja. Ndani ya ukungu huo Turinah aliamka na maumivu. Hayakumshtua, kwa kuwa yalikuja taratibu, yakitoka kiunoni kuelekea mapajani, kama maji yapandayo ndani ya kitambaa. Yalipofika pale yalipozoea kufika, aliuma ncha ya mto akangoja yapite. Hayakupita. Akajua kwamba mwezi wake umeandama, na kwamba swala ya Alfajiri ile haimdai.

Mumewe, Rokhim, alikuwa ameshatoka. Yeye ndiye mtunzaji wa chumba cha swala katika kiwanda cha kope za bandia, kiwanda kilekile alichofanyia kazi mkewe. Hufungua mlango, hukung'uta mikeka, hujaza maji ya udhu, huadhini Adhuhuri na Alasiri, na saa zilizosalia hufagia ua. Wanaume wenye kazi katika mtaa ule walikuwa wa kutafutwa, kwa maana viwanda vya kope na vya nywele huajiri vidole vya wanawake, na waume hubaki nyumbani wakibembeleza watoto. Rokhim alijiona ametunukiwa, akaitunza kazi ile kama mtu atunzaye amana.

Jikoni, Biyung Kasmi, mama mkwe, alikuwa akikaanga mendoan, vile vipande vyembamba vya soya vinavyotolewa mafutani kabla havijakauka. Hakugeuka.

"Hukuamkia maji ya udhu leo," alisema. Ndivyo alivyozoea kuuliza.

"Nina udhuru, Biyung."

"Nimeona. Umepauka kama unga wa muhogo. Kaa hapo, unywe hiki." Akamsukumia kikombe cha binzari na ukwaju. "Chote. Usinibakizie machicha."

Turinah akanywa, macho ameyafumba. "Leo naomba ruhusa."

"Kwa nani? Kwa yule muuguzi wa tochi?"

Sheria ya nchi inampa mwanamke anayeumwa siku mbili za mwanzo wa hedhi yake, na kiwanda hakikuwahi kuikataa sheria hiyo. Kilichofanya ni kuongeza pazia, muuguzi na tochi. Turinah aliwahi kusimama nyuma ya pazia lile, lisilofika chini, na miguu yake ikaonekana na kila aliyepita. Karani aliuliza kutoka mezani kwake, kwa sauti ya mtu anayeulizia mzigo, "Ipo?" Muuguzi akajibu, "Ipo." Akapewa siku zake mbili. Zote mbili alilala ameelekeza uso ukutani, na tangu hapo hakuomba tena.

"Nitaomba kwa mdomo," alisema sasa. "Sitaangaliwa."

"Sisi tulipandikiza mpunga nayo, tumo majini hadi magotini. Nani alituuliza?"

"Na ukizidiwa ulikuwa unakwenda wapi, Biyung?"

Mama mkwe alikigeuza kipande mafutani. "Kulikuwa na kibanda cha kufukuzia ndege. Nilikuwa napanda, najilaza kidogo. Upepo mzuri."

"Basi mimi sina kibanda."

Biyung akamfungia vipande vinne katika jani la mgomba, akasimama mlangoni akimtazama mpaka ukungu ulipommeza mkwewe njiani.

*

Katika ukumbi wa kope hapakuwa na feni. Upepo ni adui wa kope, hata pumzi nzito huzitawanya, na kwa hiyo wanawake mia kadhaa huketi katika joto chini ya taa ndogondogo, wakifunga unywele mmoja baada ya mwingine katika uzi, kwa sindano yenye ncha ya kulabu. Ukitazama kwa mbali wadhani wanasali. Ukitazama kwa karibu waona kwamba kila mmoja anafuma jicho la mwanamke asiyemjua, wa nchi asiyowahi kufika, nalo jicho halina mboni.

Pak Hartanto, mkuu wa utumishi, alikuwa mtu mpole. Hakupata kumpigia mtu kelele. Alimsikiliza Turinah mpaka mwisho, kalamu imelala kati ya vidole vyake.

"Bu Turinah, mimi sina tatizo na hedhi," alisema. "Nina mke, nina dada. Nenda kwa muuguzi, dakika moja tu, urudi na jibu."

"Siendi, Pak. Naumwa, na nimekuambia. Neno langu halitoshi?"

"Neno lako zuri. Kila mtu hapa ana neno zuri. Tena Jumatatu maneno ndiyo huwa mengi." Makarani wakacheka chini chini. "Mzigo unaondoka Ijumaa, Bu. Mimi huko juu naulizwa kope, siulizwi viuno. Rudi ukae, nitalifikiria."

Akarudi kwenye benchi lake. Warsiti, aliyeketi kushoto kwake miaka yote hiyo, hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Amesema nini?"

"Anataka tochi."

"Mwambie ajimulike yeye kwanza, tuone kama kuna kitu."

Turinah alicheka, na kicheko kikamkaza tumbo hata sindano ikamponyoka. Kope nusu iliyokuwa mbele yake ikaruka, ikaelea hewani, ikazunguka chini ya taa kama mdudu asiye na mwili, kisha ikatua begani kwa Warsiti.

"Saa sita twende tukaazime sijda," Warsiti alinong'ona.

Hilo lilikuwa neno lao. Katika kiwanda kile mwanamke hakuweza kuliacha benchi kwa sababu ya kuumwa, ila aliweza kuliacha kwa sababu ya swala, na hakuna msimamizi aliyethubutu kuhesabu dakika za mtu aliye mbele ya Mola wake. Ndipo wenye maumivu wakajifunza kuvaa mukena, lile vazi jeupe la kusalia lifunikalo mwili wote, na kwenda kukaa safu ya mwisho nyuma ya pazia, waliposali wenzao. Hawakunuia wala kutoa takbira. Waliinama tu wakaweka paji la uso chini, magoti wameyakunja tumboni, na kuyaacha maumivu yatoke kwa kadiri yapendavyo. Ustadhi wa mtaa alikwisha kuwaambia kwamba chumba kile si msikiti uliowekwa wakfu, na mwenye hedhi hakatazwi kuketi humo. Hawakumweleza kwa nini waliuliza.

Adhana ikaja. Ilikuwa sauti ya Rokhim, nyembamba kidogo mwanzoni, kisha ikapanuka kama nguo iliyotandazwa. Turinah akainuka. Alivua kandambili zake kizingitini, akapita nyuma ya pazia, akajifunika weupe, akainama. Mkeka ulikuwa na baridi tamu. Alisikia safu za mbele zikisimama na kurukuu, nguo zikisugua nguo, mfano wa mvua ya mbali inayotembea juu ya mashamba ya mpunga. Warsiti alikuwa kando yake, naye ameinama, na zaidi ya Warsiti wengine, weupe wote sawasawa, asiyejulikana anayesali na anayeumwa. Alisema moyoni, "Ya Rabbi, ipoze." Kisha hakujua tena kama yu macho. Aliona amelala katika kibanda juu ya nguzo ndefu, maji pande zote, na ndege weupe wakishuka, na hakuna aliyewafukuza.

*

Alasiri, Rokhim alikuwa akifagia majani ya mti wa ketapang karibu na ofisi. Pak Hartanto akatoka kuvuta sigara.

"Rokhim, sauti yako leo nzuri sana."

"Alhamdulillahi, Pak. Koo tu limefunguka."

"Na mkeo anasali hapa?"

Laiti angalisema ndiyo akanyamaza. Rokhim, ambaye katika maisha yake hakuwa na kitu cha kujisifia, si shamba wala cheo wala mtoto, alisimamisha ufagio, akatabasamu kama aliyeulizwa habari ya hazina yake.

"Yule hakosi, Pak! Adhuhuri hii pia. Mimi najua kandambili zake, zipo kila siku. Na sijda yake, Pak, naomba radhi, mimi mwanamume naionea wivu. Wenzake wametoa salamu, wameondoka, kile kivuli cheupe bado kiko chini. Nasimama nje na ufagio wangu nangoja. Nasema, huyu anaongea nini na Mola wake muda wote huo?"

"Leo pia?"

"Leo ndiyo zaidi, Pak."

Pak Hartanto akaizima sigara yake kwa uangalifu, akamshukuru.

Muda mfupi baadaye Turinah alikuwa amesimama tena mbele ya meza ile. Mkuu wa utumishi hakuonyesha hasira, ila huzuni kidogo.

"Mwenye hedhi anasali, Bu?"

"Hasali, Pak."

"Wewe leo umesali?"

Turinah alimwona Warsiti akilini mwake, na wale wengine wote. Akisema hakusali, kesho chumba kitawekwa mlinzi, na hakuna atakayelaza paji tena.

"Nani kakuambia?"

"Mumeo. Na mume hawezi kumsingizia mkewe ucha Mungu." Akasogeza kalamu. "Nilikuwa tayari kukuamini, ujue. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, utasimama mbele ya ukumbi, useme kwamba ulidanganya ili upate ruhusa. Uombe radhi, yaishe. La sivyo mkataba wako unaisha kesho hiyohiyo, sitauongeza. Tena udanganyifu wa jambo la dini, Bu! Mimi hilo ndilo lililoniumiza."

*

Rokhim alifika nyumbani baada ya Magharibi akiwa na furaha, na mkononi ana getuk, ile mihogo mitamu iliyopondwa, amemnunulia mkewe. Akamkuta ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, kikombe cha binzari mapajani.

"Tur! Leo Pak Hartanto amenisemesha mwenyewe. Amekuulizia."

"Najua alichouliza."

"Nimekusifu mpaka akazima sigara."

"Najua ulichojibu, Kang," akasema, kwa neno la heshima la mke kwa mumewe.

Furaha ikamtoka Rokhim usoni kidogo kidogo. Turinah akamweleza. Hakupandisha sauti. Alimweleza ombi, kalamu, swali la mwenye hedhi kusali, na ile adhabu ya kesho. Biyung aliyekuwa akimenya vitunguu aliacha kumenya.

"Lakini nilikuona," Rokhim alisema. "Kivuli chako. Sijda yako."

"Sikuwa nasali."

"Ulikuwa na mukena!"

"Nilikuwa naumwa ndani ya mukena, Kang. Kuna wengi. Huwezi kututofautisha, na wewe ndiye unayetufungulia mlango."

Rokhim akaketi chini, pale pale uani, getuk bado mkononi. Ziko sijda alizozingoja nje kwa heshima, akijikunyata ili ufagio usilie. Nyingine alimsimulia Ustadhi mwenyewe. Alihisi kama mtu aliyetazama mwezi ndani ya kisima, akaupenda, kisha akaambiwa ni taa ya jirani.

"Umeichezea swala," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtoto zaidi kuliko ya mume.

"Sikutoa takbira. Sikunuia. Niliweka uso chini nikasema, ya Rabbi ipoze. Hayo nayo ni mchezo?"

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini? Wewe ni mtu wa kujua mambo hayo ukakaa nayo? Leo hujui kitu umesema hivi. Ungejua je?"

Hapo Biyung Kasmi akacheka, kicheko kifupi kilichotoka na machozi ya vitunguu. "Mwanangu ana mdomo kama ndoo iliyotoboka. Baba yake alikuwa hivyohivyo."

"Biyung, si wakati wa utani."

"Si utani. Nisikilize, Rokhim. Zamani, watu wenye adabu hawakusema hedhi, wala uchafu, wala kuumwa na tumbo. Mama yangu akisema juu yangu alisema, huyu nggarap sari. Anafanya kazi ya ua. Umesikia? Kazi. Ua lichanualo halijitengenezi lenyewe. Mwanamke yumo kazini tayari, tangu usiku, hajafika hata hicho kiwanda chenu. Halafu mnamwekea kope mbele yake mnasema, haya, anza kazi." Akaokota kitunguu. "Mimi nimelisahau neno hilo miaka mingi. Asubuhi nimemtazama huyu akiingia ukunguni, ndipo likarudi."

Rokhim alilisema neno lile taratibu, kana kwamba analionja. Kisha akamwuliza mkewe, "Kesho utasema ulidanganya?"

"Nikisema, nimedanganya kweli. Nisiposema, hatuna mshahara wangu, na wako peke yake hauwezi hata mchele. Nikisema ukweli wote, nawafungia wenzangu mlango. Niambie wewe, Kang, mwenye funguo."

Rokhim aliifungua getuk, akaigawa mara tatu, wakala.

*

Asubuhi, wafanyakazi walipokuwa wakiingia, Rokhim alimshika Turinah kiwiko mbele ya watu, jambo asilolifanya hata siku ya harusi yao, akaingia naye ofisini. Makarani walikuwa wakifungua kompyuta zao.

"Pak," alisema, "jana nilitoa ushahidi. Naurudisha."

Pak Hartanto alitabasamu. "Usimwonee mkeo huruma kwa njia hiyo, Rokhim. Ulisema umemwona."

"Niliona kandambili na kivuli. Upande wa wanawake una pazia, Pak, nami sioni ndani. Nilikiona kitu cheupe, nikakipa jina nililolipenda. Mwenye kushuhudia asichokiona ameshuhudia uongo. Basi mwongo wa jana ni mimi. Ukitaka mtu asimame mbele ya ukumbi, nitasimama mimi."

"Sasa humo ndani alikuwa akifanya nini?"

Turinah ndiye aliyejibu. "Dua, Pak. Mwenye hedhi hakatazwi dua."

"Dua muda wote ule? Ya kuomba nini?"

"Mahali pa kulala."

Karani mmoja aliinama kutafuta kitu kisichoanguka. Pak Hartanto akasugua macho yake, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

"Mnanifanya nini nyinyi? Nikimwamini kila mtu kwa mdomo, Ijumaa nitapeleka masanduku matupu. Sawa. Mume amerudisha ushahidi. Mke hataki kuangaliwa. Nani anashuhudia sasa?"

"Mimi," akasema Rokhim.

"Wewe tena!"

"Jana nilijisifu. Leo nashuhudia." Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mke wangu yumo katika hedhi. Tangu jana. Nyumbani hakusali Isha, hakusali leo Alfajiri. Mama yangu amemchemshia binzari. Usiku alilala amejikunja. Mimi ni mumewe, najua, naapa kwa Aliyeniumba."

Kompyuta zikanyamaza. Neno ambalo kila mwanamke katika jengo lile alilinong'ona, na ambalo karani alizoea kuliuliza pasipo kulitaja, lilikuwa limesemwa kwa sauti ileile ya adhana, na mlango ulikuwa wazi. Katika ukumbi wa kope, vichwa viliinuka safu baada ya safu.

Pak Hartanto akaufunga mlango. Alikaa. Alipozungumza hakumtazama yeyote.

"Bu Turinah, nenda nyumbani. Siku zako mbili, na mshahara wake." Kisha akanyoosha kiganja. "Na wewe, lete funguo. Mtu ambaye neno lake la jana silo la leo, siwezi kumwachia chumba cha ibada. Ufagio pia uache."

Rokhim alizitoa funguo mfukoni. Zilikuwa na joto la mwili wake. Alisita kidogo tu, kisha akaziweka juu ya meza bila sauti.

*

Walitembea nyumbani saa ambayo hawajapata kuiona barabara ile, jua limeinuka, wachuuzi wa supu ya soto wametandika meza zao, na watu waliowatazama walidhani wametoka msibani. Turinah alitembea taratibu, naye Rokhim akapunguza hatua zake zilingane na za mkewe. Walipofika, Biyung alikuwa ametandika mkeka dirishani, pasipo kuambiwa.

Turinah alilala uso ameuelekeza kwenye mwanga. Maumivu yalikuwapo, ila sasa yalikuwa na nafasi, yakaja na kuondoka, naye hakuwa na haja ya kuyavika vazi. Katika usingizi wake mwepesi alisikia jembe la jirani, kuku, na maji yakimiminwa. Alisikia Adhuhuri ikiingia katika misikiti ya mbali. Akamsikia Rokhim akienda uani, na kupitia dirishani akamwona amesimama kwa muda wa adhana nzima, mikono kando ya masikio, midomo ikicheza bila sauti, kama kinanda kilichoondolewa nyuzi. Hilo lilimuuma kuliko tumbo. Alitaka kumwita, lakini usingizi ulimchukua kabla jina halijafika mdomoni.

Alipoamka, Rokhim alikuwa ameketi miguuni pake, akimfukuzia nzi kwa jani.

"Unajuta?" Turinah alimwuliza.

"Kidogo." Alifikiri. "Niliipenda kazi ile, Tur. Sitakudanganya."

"Najua, Kang."

"Lakini ile sijda niliyokuwa naionea wivu," akasema, "naona bado naionea."

*

Turinah alirudi kazini, na Rokhim akawa miongoni mwa wanaume wa mtaa wanaobaki nyumbani. Wakawa wanakula wali mchache na majani ya muhogo mengi. Chumba cha swala kilipewa mlinzi, ambaye alikifunga mara tu salamu ya mwisho ilipotolewa, na aliyetaka kubaki ameinama aligongewa mlango. Baadhi ya wanawake walimlaumu Turinah kwa macho. Mmoja alimwambia kwa mdomo.

"Mumeo amesema, wewe umelala siku mbili, na sisi tumefungiwa. Hongera."

Turinah alifunga unywele katika uzi, na mwingine, na mwingine.

Asubuhi moja Warsiti alikuja amekunja uso. Alifanya kazi kidogo, akaiweka sindano chini, akasimama. Ukumbi wote ulimwona akienda ofisini, na kwa kuwa mlango haukufungwa, ukamsikia.

"Pak, naomba ruhusa. Hedhi. Naumwa."

"Kwa muuguzi, Bu Warsiti."

"Mwenzangu alishuhudiwa na mumewe, ukampa siku zake. Wangu yuko getini."

"Nani yuko getini?"

"Mume wangu, Pak. Tasdi. Nimemwambia anifuate. Muulize, atakuambia vizuri, ana sauti kubwa."

Pak Hartanto alikwenda dirishani. Turinah, kutoka benchi lake, aliyaona hayo kwa nusu, kupitia kioo chenye vumbi la nywele, kama mtu aonaye kitu chini ya maji. Langoni alisimama Tasdi, mtoto amefungwa kifuani kwa kitambaa. Hakuwa peke yake. Kando yake alikuwa mwanamume mwingine mwenye mtoto mgongoni, na mwingine mwenye chupa ya maziwa, na wengine wa mtaa ule wenye saruni zao za nyumbani, wamesimama kwa haya, wakitazama vidole vya miguu yao, kila mmoja akijizoeza kimoyomoyo neno ambalo hajapata kulitamka mbele ya mgeni. Rokhim alikuwa miongoni mwao, si mbele wala nyuma. Yeye hakuwa na la kushuhudia siku ile. Alikuwa amemshikia mtu mtoto.

Pak Hartanto aliwatazama muda mrefu. Akaitazama saa ya ukutani, akautazama ukumbi, na ukumbi wote ulikuwa ukimtazama yeye. Ilikuwa zamu yake kuwaita, mmoja mmoja, wanaume wazima, na kuwauliza mbele ya makarani juu ya damu ya wake zao. Akaliacha dirisha.

"Nenda," alimwambia Warsiti.

"Kwa muuguzi, Pak?"

"Nyumbani, Bu. Nenda tu nyumbani."

Hakuna aliyepiga makofi. Warsiti alitoka polepole, mkono kiunoni, akaupita ukumbi mzima kwa njia ya katikati, hajajifunika kitu. Alipopita karibu na benchi la yule aliyemlaumu Turinah, mwanamke huyo naye aliiweka sindano yake chini, akasimama, akalitengeneza vazi lake la kazi, na kwa hatua ya mtu asiye na hakika kama yu macho akaelekea kwenye mlango wa ofisi.

"Pak," alisema, "na mimi."